Kiu ya Mbwa wa Baba

Kama una mbwa anayekunywa maji mpaka unaanza kuona haya mbele ya majirani, vuta kiti. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa Majengo, Moshi, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na hadi mwaka jana sikuwahi kufikiria kwamba mbwa naye ana figo. Nilipotafuta mtu wa kunisimulia yaliyompata yeye, sikumpata. Kila niliyemuuliza alicheka kwanza. Basi haya nayaandika kwa ajili yako wewe ambaye kicheko kimekwisha.

Mbwa mwenyewe anaitwa Karani. Ni wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina alipewa na baba, kwa sababu alipokuwa mdogo, siku za kupima kahawa, alikuwa anakaa pembeni ya mizani na kumtazama kila anayeweka gunia. Baba alikuwa anamuuliza kwa sauti, "Karani, umeona hiyo?" Watu wanacheka, na mmoja wao anarudi kulikung'uta gunia lake vizuri, takataka zitoke. Walikuwa hawaachani. Baba akienda kusafisha mfereji, Karani yupo. Akienda misa, Karani anamsindikiza hadi getini pa misheni na kulala hapo hadi watu watoke.

Baba alitutoka masika ya mwaka juzi. Tulimzika kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwetu Kilema mlimani, chini kidogo ya nyumba, kati ya migomba, tukapanda masale, majani yetu ya heshima, kuzunguka kaburi. Karani akahamia huko. Mchana kutwa amelala kwenye masale, na mtu akikohoa barabarani kikohozi cha kiume, lile sikio lililolala linanyanyuka. Mama aliniambia kwamba kila anapoliona linanyanyuka, na yeye huacha anachofanya na kusikiliza. Watoto tuko wawili tu, mimi Majengo na kaka yangu Deo Dar es Salaam, kwa hiyo nyumbani walibaki mama, ng'ombe, kuku na huyo mbwa.

Krismasi ya kwanza bila baba tulipanda wote Kilema. Deo alikuja na mke na watoto na maboksi ya zawadi, pamoja na dawa ya kupaka ya mama, kwa sababu tangu msiba miguu yake ilikuwa inamwasha hadi anaichuna. Tulichinja ndama dume ambaye baba mwenyewe alikuwa amemfungia bandani na kuanza kumnenepesha. Nyama ile ilikuwa ngumu kuila. Kila mtu alijua ni mkono wa nani uliokata majani yake ya kwanza. Mama aliyeyusha mafuta, akayaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, tukala, tukalia kidogo, tukacheka, na baada ya mwaka mpya kila mmoja akarudi alikotoka.

Januari haijaisha mama akanipigia simu.

"Manka," akasema, maana nyumbani ndilo jina langu, "Karani amemaliza maji ya ng'ombe."

Nikamwambia ni jua. Kila mtu alisema ni jua. Kiangazi kile kilikuwa kikali, mfereji ulikuwa umebaki uzi, na mibuni ilikuwa imekunja majani. Lakini mama aliendelea kupiga. Leo ameramba beseni la vyombo. Leo amekutwa kwa jirani, kichwa ndani ya ndoo. Na anayekunywa hivyo lazima atoe. Mbwa ambaye baba alimfundisha asikojoe uani sasa alikuwa anakojoa anapotembea, anakojoa usingizini, halafu anaamka, anatazama palipolowa, na kuondoka mkia ameufyata. Mama alisema hilo la kuondoka ndilo lilikuwa linamuumiza kuliko kazi ya kuumwagia mkojo majivu.

"Ila jioni anakuja jikoni," akaniambia siku moja, na sauti yake ikabadilika. "Tangu mlipoondoka. Baba yako akiwa hai hakuwahi kuingia jikoni huyu. Sasa anakuja, analala miguuni pangu, ananilamba miguu. Amejua nimebaki peke yangu. Ananipa pole."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini, kwa sababu nilifurahi na nikasikia wivu kwa wakati mmoja. Mbwa alikuwa Kilema kila jioni, na mimi nilikuwa Majengo nashona pindo.

Masika yakaja. Ukungu ukashuka, udongo ukawa wa kuteleza, na Kilema ikawa baridi hata mtu hatamani maji ya kunywa. Karani hakupunguza hata tone. Ndipo nilipopanda kwenda kumwona, nikashtuka. Tumbo lilikuwa limejaa na kuning'inia, na miguu imekuwa myembamba. Manyoya ya ubavuni yalikuwa yamekatika pande zote mbili, ngozi inaonekana, nyeusi na laini. Alikuwa anahema kwenye baridi ile kama aliyetoka mbio. Na njaa! Aliiba ugali, aliiba ndizi mbichi, alitafuna kipande cha gunia lililokuwa na harufu ya dagaa. Jirani akasema minyoo. Bwana mifugo akaja, akampa dawa ya minyoo, minyoo ikatoka kiasi chake, kiu ikabaki.

Jirani huyohuyo akamshauri mama aondoe maji, eti asichokunywa hatakikojoa. Mama akaficha ndoo kutwa nzima. Karani akaenda kunywa maji ya kufulia, yenye sabuni, akatapika hadi akalala chini. Hapo nakuomba unisikilize vizuri: mbwa wa hivi usimnyime maji. Anakunywa kwa sababu yanamtoka, na akiyakosa atakauka. Mwekee ndoo, fua matambara yake, vumilia.

Deo alipopiga tukamweka kwenye sauti ya juu.

"Mama, huyo mbwa ni mzee," akasema. "Mwiteni bwana mifugo ampumzishe, ataacha kuteseka. Mimi nitakuletea mwingine, mkali, wa Kijerumani."

"Huyo wa Kijerumani," mama akajibu, "anajua baba yako alikuwa anakohoaje?"

Deo akaaga. Si mtu mbaya kaka yangu. Ni mtu wa kutengeneza mambo haraka, na mambo mengine hayana haraka.

Simu ilipokatika mama akaniambia, bila kunitazama, "Akiondoka huyu, nani mwingine hapa aliyekuwa na baba yako kila siku? Nitaongea na nani habari zake, ambaye anazijua?" Akaingia ndani. Siku hiyo nikajua kwamba kama chanzo cha kiu ile hakitapatikana, nitakuwa nimempoteza baba mara ya pili, na mama pengine hatarudi kuwa yule ninayemjua.

Kumpeleka mbwa Moshi mjini nayo ni hadithi. Hakuna gari la abiria linalompakia mbwa. Tulipata pikapu inayoteremsha ndizi sokoni. Mama, aliyekataa katakata kubaki, akakaa mbele na kitenge chake cha kanisani. Mimi nikakaa nyuma juu ya mikungu, nimemkumbatia Karani. Kabla hatujafika barabara ya lami alikuwa ameshakojolea mikungu, na mwenye pikapu akaona kwenye kioo. Akasimama.

"Dada, hizo ndizi watu watakula."

"Watamenya kwanza," nikamwambia. Akacheka, akatupatia turubai tulitandike, tukaendelea.

Kliniki ya mifugo ilikuwa na benchi moja refu ukutani. Mzee mmoja alikuwa na kuku kwenye kikapu, dada mmoja paka ndani ya boksi lenye matundu, na wengine walikuja tu kununua dawa ya vifaranga. Tulikaa sana pale. Karani alimaliza bakuli lao la maji, wakaongeza, akamaliza. Yule mzee akamtazama ubavu ulionyonyoka, akatutazama sisi.

"Siku hizi hata mbwa wa kienyeji analetwa hospitali?"

"Na huyo kuku wako," mama akamuuliza kwa upole, "ni wa kizungu?"

Benchi zima likacheka, mzee naye akacheka, akasogea mama akae vizuri. Kuanzia hapo akawa anamuuliza habari za kahawa ya Kilema. Nakumbuka kusogea kule hadi leo. Kwenye ugonjwa unaokaa muda mrefu, mtu akikuachia nafasi ya kukaa unaiona kubwa.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, hana haraka. Alimpa mama shikamoo kabla hata ya kumgusa mbwa. Alimpima Karani kuanzia masikio hadi kucha, akatoa damu, kisha akanipa kikopo akasema anahitaji mkojo. Sasa mbwa aliyekojolea dunia nzima kutoka Kilema hadi Moshi, alipoona namfuata na kikopo, akagoma. Tulizunguka uani pale, mimi nimeinama, yeye ananusa ukuta na kunitazama kwa dharau, mpaka mama akaenda kufungua bomba. Maji yakalia, naye akatoa. Shika hilo, litakusaidia.

Majibu yalipotoka tukaitwa ndani.

"Si kisukari," daktari akasema. "Figo bado nzuri, nashukuru Mungu. Ini limechoka kidogo, na mwili mzima una dalili kama za dawa fulani kali. Mama, nyumbani kuna mtu anatumia dawa? Vidonge, sindano, chochote ambacho mbwa anaweza kukifikia?"

"Nyumbani kwangu hakuna dawa," mama akajibu. "Hata ya kichwa sina."

Nami nikatikisa kichwa kukubali, maana nilijua mama hamezi kidonge hadi abanwe.

Daktari akafikiri. Akasema kuna ugonjwa wa tezi unaofanana na huo, kipimo chake kinapelekwa mbali, na matibabu yake ni ya maisha. "Lakini kabla ya huko, mmoja wenu akae naye. Asimwondolee macho. Kila kinachopita mdomoni mwake nataka kukijua."

Nikafunga kibanda changu cha cherehani, nikawaambia wateja wa kipaimara wanivumilie, nikapanda Kilema na mwavuli.

Sijawahi kufanya kazi ya ajabu kama ile. Karani akiamka naamka, akienda mferejini naenda, akilala kaburini nami nachuchumaa chini ya mgomba, mvua inapiga mwavuli. Wapita njia wanauliza, "Manka, siku hizi unachunga mbwa?" Nasema ndiyo, nachunga. Nilimwona akila ugali wake, parachichi zilizoanguka, mavi ya kuku, samahani kwa kuyataja. Hakuna kitu ambacho mbwa wa jirani naye hakuwa anakula. Na pale kaburini, katika kukaa kule, nilijikuta naongea na baba. Nilimwambia Karani wako anaumwa na hatujui nini. Nilitamani anijibu, hata kwa ule mguno wake wa kunipuuza.

Jioni Karani akiingia jikoni kwa mama nilikuwa naacha kuchunga, naenda kukausha miguu. Yuko na mama, nikasema moyoni, kuna nini cha kutazama?

Siku moja nilirudi jikoni kuchukua chumvi. Nikasimama mlangoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, amepandisha kanga hadi magotini. Kwenye mapaja alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Anachovya vidole viwili, anapaka mguu kuanzia goti kushuka hadi kwenye kifundo, taratibu, kisha mguu wa pili. Karani alikuwa amekaa mbele yake akisubiri. Hakurukaruka. Mama alipofunika kopo, mbwa akasogea, akaanza kulamba kutoka kisigino kwenda juu, macho ameyafumba. Mama naye ameyafumba. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa, na alikuwa anamsimulia kwa Kichagga mambo ya siku nzima: nani amepita, ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani, mimi nimelowa vipi kaburini. Hivyohivyo alivyokuwa anamsimulia baba.

Sikuona ugonjwa pale. Niliona kitu kizuri, na nilitaka kurudi nyuma nisiwasumbue. Ila moto ulipowaka vizuri, harufu ya Krismasi ikanifikia puani.

"Mama, hayo mafuta gani?"

Akafumbua macho. "Ya ndama wa baba yako. Ningeyaachaje yaharibike?"

"Yanasaidia miguu?"

"Sana. Nimechanganya na ile ya Deo. Vityubu vyenyewe vidogo, vingekwisha upesi. Niliyeyusha mafuta, nikavikamulia humo vyote."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Mama alinishangaa kwa dhati. Kwake dawa ni kitu cha kumeza au cha kuchomwa. Hiki ni cha kupaka, kimo ndani ya mafuta ya ng'ombe, kwenye kopo jikoni. Aliulizwa dawa, akajibu kweli. Nami nilikuwepo Deo alipomkabidhi zile tyubu, na sikuzikumbuka. Ndiyo maana nakwambia: daktari akikuuliza dawa, mtajie na unachopaka, na unachojifukiza, na unachoweka kwenye maji ya kuoga. Mtajie hata cha mgeni aliyelala siku moja.

Nilimweleza mama polepole. Kwamba ile dawa ya Deo huenda ndiyo ile kali aliyoiulizia daktari, kwamba mbwa amekuwa akiila kila jioni tangu Januari, kwamba pengine ndiyo inayomkausha na kumnyonyoa. Alisikiliza hadi mwisho. Karani alikuwa bado analamba kifundo. Mama akaurudisha mguu taratibu, akaufunika kwa kanga.

"Kwa hiyo alikuwa anafuata mafuta," akasema.

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Lakini nilikuwa nimetumwa kutafuta ukweli, nikausema.

"Ndiyo, mama."

Akainuka, akachota maji ya moto, akaosha miguu kwa sabuni ya mche hadi ikawa myekundu. Akamtoa Karani nje, akafunga mlango. Hakulia. Mbwa alikaa nje ya mlango ule akikwaruza kidogo kidogo, na sisi wawili tukala mtori wetu wa ndizi ndani.

Tukadhani tumemaliza. Chanzo tumekijua, kopo tumelificha, kazi imebaki ya kungoja. Mvua ilikuwa imekata barabara na mtandao unakuja na kupotea, sikuona haja ya kuhangaika kumpigia daktari. Baada ya siku chache Karani akaacha kula. Yeye aliyekuwa anatafuna magunia. Akatapika, akatetemeka, na asubuhi moja nilimkuta kaburini miguu haimbebi. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikapanda naye hadi mahali penye mtandao, nikapiga picha ya tyubu tupu niliyoichukua kwa mama, nikaituma na maelezo yote.

Daktari akapiga papo hapo. "Mlimwachisha ghafla?" Kisha akajirudi, akaongea taratibu. Mwili wa mbwa ulikuwa umeshazoea kufanyiwa kazi na ile dawa, umesahau kujifanyia wenyewe. Ukiiondoa kwa mkupuo anaanguka. Inabidi ashuke ngazi moja moja. Nikumbuke kwa hili hata ukisahau mengine yote: ukigundua chanzo, usikate kabla hujamuuliza daktari.

Mwenye pikapu alikuja na gambuti na jembe, akapita palipopitika, akatushusha. Safari hii hakusema lolote kuhusu ndizi. Karani aliwekewa dripu, akalala pale kliniki, nami nikalala Majengo nikisikiliza simu. Alipofungua macho na kutafuta maji, nesi alinipigia akicheka, nikalia. Sikuwahi kudhani nitafurahi kusikia kwamba mbwa yule ana kiu.

Alirudi Kilema na vidonge vidogo vya kupunguzwa wiki hadi wiki. Mama naye nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, akangoja kwenye benchi lake mwenyewe. Ngozi ya miguu ilikuwa imekuwa nyembamba, ukiigusa inafanya alama. Alipewa dawa nyingine, ya mchana, na akaambiwa mbwa asiguse miguu kabisa. Kwa hiyo jioni mama alikuwa anavaa gambuti za baba jikoni kwake mwenyewe. Karani alijaribu kuingia mara kadhaa, akanusa mpira, akafukuzwa kwa upole, akafukuzwa tena. Mwishowe akaacha kujaribu.

Kipupwe kilipoingia, ndoo ilianza kukutwa na maji asubuhi. Kwanza kidogo, halafu nusu. Tumbo likapanda. Manyoya yakaanza kuota ubavuni, mapya, meusi kuliko yale ya zamani, na alirudia kuinua mguu kwenye migomba ya mpakani na kuacha uani pakavu. Deo akasifu. Majirani wakasifu. Mimi nikarudi kwenye magauni yangu, na kila jioni nilipiga simu.

"Karani hajambo?"

"Hajambo."

"Amekuja jikoni?"

"Amepita."

Hivyo tu. Alikuwa amepona, na alikuwa amerudi kuwa mbwa wa baba. Mchana kaburini, usiku akilinda kihamba. Mama alikuwa anamwekea chakula, anakula, anaondoka. Nilipotoka kazini na kukaa peke yangu chumbani Majengo, nilikuwa naliona jiko lile, moto, na gambuti za baba miguuni mwa mama. Nilitamani niwe huko. Nilitamani pia, na nasema hili kwa sababu huenda na wewe utalisikia, zile siku mbaya zenyewe, mbwa akiwa mgonjwa na mama akiwa na wa kumsimulia.

Vuli ikapita, Krismasi ikafika, tukapanda tena wote. Ndama wa safari hii alinenepeshwa na mama mwenyewe, na nyama haikuwa ngumu kuila. Deo alikuja bila dawa yoyote. Alileta soksi. Tulicheka hadi mama akafuta macho.

Jioni watu wakiwa uani, wanaume na nyama yao, watoto na fataki zao, niliingia jikoni kumsaidia mama kuyeyusha mafuta. Gambuti zilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu mitupu, imeoshwa, ngozi imerudi kuwa ngozi. Alikuwa ameshachota mafuta kwenye kibakuli, yamepoa. Akachovya vidole viwili, akapaka mguu mmoja, kuanzia goti kushuka.

"Mama," nikasema.

"Ni mafuta matupu. Nilimuuliza daktari kwa simu. Akasema kidogo hayana neno."

Akaita jina la mbwa, si kwa sauti kubwa. Kelele za nje zilikuwa nyingi na nilidhani hatasikia. Akaonekana mlangoni, lile sikio limesimama na lile limelala, akatazama gambuti, akamtazama mama. Alisubiri aambiwe. Mama akapiga goti lake kwa kiganja, naye akaingia, akanusa, akaanza kulamba kutoka kisiginoni.

Nikamtazama mama. Yeye alikuwa ameshafumba macho, mkono juu ya kichwa cha Karani.

"Najua anachofuata," akasema. "Hata baba yako alianza kuja kwetu akifuata pombe ya mbege ya mama yangu."

Kisha akaendelea kwa Kichagga, kumsimulia mbwa habari za siku: nani amekuja, nani ameongezeka unene, nyama imetoshaje. Nami nikakaa juu ya gunia la mahindi, nikasikiliza.